Mama aliyeungua asilimia 80 anaporudi kwa wanawe: kazi yenyewe ikoje?

Mdadisi Mpole aliuliza:

Habari zenu wadau.

Wengi humu mnaijua habari ya Stephanie Nielson, mama Mmormoni wa Marekani. Tarehe 16 Agosti 2008 ndege ndogo ya Cessna aliyopanda na mumewe Christian ilianguka karibu na St. Johns, Arizona, ikawaka moto. Mwalimu wa urubani aliyekuwa nao alifariki. Stephanie aliungua zaidi ya asilimia 80 ya mwili, akalazwa katika mji wa Phoenix na kuwekwa kwenye usingizi wa dawa kwa karibu miezi mitatu. Watoto wake wanne, wote wadogo, walilelewa na ndugu huko Utah. Akapona, akarudi kwa wanawe, na mwaka 2012 akajifungua mtoto wa tano.

Masimulizi mengi ya habari hii yanaruka kutoka kitanda cha hospitali moja kwa moja hadi picha ya familia imekaa pamoja. Katikati hapo pana nini? Ngozi iliyopandikizwa inatunzwaje siku kwa siku? Mikono iliyoungua inarudije kufunga kifungo cha shati la mtoto? Mtoto wa miaka miwili au mitano anaandaliwaje kumwona mama mwenye uso mwingine? Na kanisa lao, linalosifiwa kwa kupanga misaada, linafanya nini hasa? Naomba wanaoyajua haya waeleze kwa vipimo na hatua. Maneno ya faraja tunayo ya kutosha.

Zamu ya Usiku alijibu:

Nianze na hiyo asilimia, kwa sababu ndiyo inayoeleza yote yanayofuata. Mwili wa mtu mzima hugawanywa kwa tisa tisa: kichwa na shingo 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo na makalio 18, sehemu za siri 1. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama 1. Kwa hiyo aliyeungua 80 amebakiwa na ngozi nzima inayozidi kidogo tu ile ya mguu mmoja. Na hiyo ndiyo shamba pekee la kuvuna pandikizi, maana ngozi ya marehemu aliyechangia hufunika jeraha kwa muda tu. Baada ya wiki chache mwili huikataa.

Saa 24 za kwanza vita ni vya maji. Mishipa midogo huvuja mwili mzima, hata pale ambapo moto haukugusa. Hesabu inayotumika sana kuanzia ni mililita 4 za dripu ya Ringer (maji yenye chumvi chumvi), mara kilo za mgonjwa, mara asilimia iliyoungua. Nusu yake iingie ndani ya saa 8 tangu aungue, siyo tangu afike hospitali. Mama wa kilo 60 aliyeungua 80 atahitaji 4 × 60 × 80, yaani mililita 19,200, na 9,600 kati ya hizo ni za saa 8 za mwanzo. Makosa hutokea pande zote mbili. Dripu ikichelewa, figo zinakufa. Ikizidi, mapafu yanajaa na viungo vinavimba hadi damu haifiki vidoleni. Ndiyo maana mkojo hupimwa kila saa, ukilengwa mililita 30 hadi 50, na kasi ya dripu hufuata mkojo. Hesabu ya karatasini ni ya kuanzia tu.

Baada ya hapo ni chumba cha upasuaji, mara nyingi mno. Ngozi iliyokufa huondolewa ndani ya siku za kwanza kabla bakteria hawajaifanya makao. Pandikizi hukwanguliwa jembamba sana, hupitishwa kwenye mashine inayolitoboa kama wavu, kisha hutandazwa hadi mara 3, na hata mara 6 ya ukubwa wake. Palipovunwa hupona kwa siku 10 hadi 14, halafu panavunwa tena. Vuna, subiri wiki mbili, vuna tena: hapo ndipo miezi inapokwenda. Uso na viganja hupewa vipande vizima visivyotobolewa, kwa kuwa alama za wavu hazifutiki na wavu husinyaa zaidi.

Jambo ambalo familia hazielezwi mapema ni misuli. Mwili uliounguzwa kiasi hicho hujila wenyewe. Hata akipewa gramu 1.5 hadi 2 za protini kwa kila kilo kwa siku kupitia mrija, mgonjwa huamka hawezi kukaa bila kushikwa, wala kupeleka kijiko mdomoni. Familia humtazamia mtu aliyelala akaamka, kumbe aliyeamka anaanza kujifunza kusimama upya.

Banzi na Udongo alijibu:

Naendelea pale mwenzangu alipoachia.

Jeraha likishafunga, kovu ndiyo kwanza linazaliwa. Kwa miezi 12 hadi 18, wakati mwingine miaka miwili, linakuwa jekundu, gumu, lenye kuvuta. Linavuta usiku na mchana, na linavuta kuelekea mkao ule ule unaompa mgonjwa nafuu. Kidevu hushuka kifuani, kwapa hufunga, kiwiko hukunja, vidole hujikunja kama kucha za ndege. Kwa hiyo kanuni ya kwanza inauma kuisikia: mkao unaomstarehesha ndio utakaomlemaza. Shingo ikiungua, halali na mto; kitambaa kilichokunjwa huwekwa chini ya mabega ili shingo inyooke. Mikono hutandazwa pembeni nyuzi 90. Goti linyooke, wayo usimame nyuzi 90.

Mikono ndiyo sehemu ya kung'ang'ania kuliko zote, hasa kwa mama wa watoto wadogo. Usiku huvaa banzi, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kiungo, linaloinua kifundo cha mkono nyuzi 20 hadi 30, huku vifundo vya chini vya vidole vimekunjwa kama nyuzi 70 na vidole vyenyewe vimenyooka. Watu huona ni mkao wa ajabu. Sababu yake ni kwamba vifundo hivyo vya chini vikikakamaa vikiwa vimenyooka, kano za pembeni hufupika na ngumi haifungiki tena. Kati ya kidole na kidole nako kovu hupanda kama utando wa mguu wa bata, kwa hiyo huwekwa vipande vya sponji au silikoni ndani ya glavu.

Mchana ni mzunguko ambao haukwepeki. Kwanza losheni isiyo na manukato, kwa sababu ngozi iliyopandikizwa haina tezi za mafuta. Isipopakwa mara 4 au 5 kwa siku hupasuka. Halafu kukanda: bonyeza kwa ncha ya kidole mpaka kovu lipauke, zungusha polepole, dakika 5 kwa kila eneo, mara 3 hadi 4 kwa siku. Kisha kunyoosha: vuta kiungo mpaka kovu lipauke na kukaza, shikilia sekunde 30, achia, rudia mara 5 hadi 10. Kunyoosha bila losheni kunachana ngozi. Kukanda pandikizi lenye wiki mbili tatu kwa kusugua kunaleta malengelenge, maana tabaka la juu halijashikamana na la chini. Mwanzoni ni kubonyeza tu, bila kuteleza. Na usiku mmoja bila banzi unalipiwa asubuhi kwa saa nzima ya maumivu.

Nguo za kubana makovu huvaliwa saa 23 kwa siku, saa moja iliyobaki ni ya kuoga na kukanda. Ziwe jozi mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba. Zifuliwe kwa mkono na sabuni laini, zisiwekwe jiki wala kukaushwa kwa moto, maana mpira wake hulegea. Hata zikitunzwa vizuri, baada ya miezi 2 au 3 hazibani tena na lazima mwili upimwe upya. Zikiacha alama za kina, au vidole vikafa ganzi, hazifai. Kosa la kawaida ni kuendelea kuvaa zilizolegea kwa sababu sasa zinapendeza mwilini. Hizo ni nguo tu, hazikandamizi kitu.

Usoni kuna mambo mawili yasiyosubiri. Mdomo husinyaa, hivyo huwekwa kifaa cha kupanua pembe zake mara kadhaa kwa siku. Ukiachwa, kijiko hakiingii na daktari wa meno hana pa kupita. Kope la chini huvutwa nje na jicho halifungi likilala. Matone ya machozi ya bandia mchana, mafuta ya macho usiku, na jicho likianza kuuma na kuwa jekundu ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kioo cha jicho kikikauka hupata vidonda.

Suala la joto wengi hulipuuza. Pandikizi halitoi jasho, na mtu huyu ana asilimia 80 ya pandikizi na makovu, juu yake nguo ya kubana. Phoenix wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40. Atapata kizunguzungu kabla hajajua kuwa amezidiwa na joto. Apulizie maji kwenye sehemu zenye ngozi yake ya asili, na matembezi yawe asubuhi na mapema. Utah nako mji wa Provo uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jua la mwinuko linachoma hata kukiwa na baridi. Kovu changa likichomwa na jua hubaki na doa jeusi la kudumu. Losheni ya kukinga jua ya kipimo cha 30 au zaidi, irudiwe kila saa 2, pamoja na kofia pana.

Na maji ya moto nyumbani: tangi la kuchemshia lishushwe hadi nyuzi 49. Maji ya nyuzi 60 huunguza ndani ya sekunde chache tu, na kiganja kilichopandikizwa kinaweza kukaa humo bila kuhisi. Maji ya kumwogesha mtoto yapimwe kwa kipimajoto, yawe 37 au 38. Mama huyu asitumie mkono wake kupima, hata akiona anahisi.

Mdadisi Mpole:

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta, asanteni sana. Mawili zaidi. Nimesikia kwamba muwasho huwatesa kuliko maumivu, ni kweli? Na ile mimba ya baadaye, ngozi ya makovu inatanukaje?

Zamu ya Usiku alijibu:

Muwasho ni kweli, na usiku ndiyo mbaya zaidi. Neva zinazoota upya ndani ya kovu hutuma ujumbe wa kuwashwa bila sababu ya nje. Dawa za mzio husaidia wengine kwa kiasi, ila pale zinaposhindwa madaktari hutumia gabapentini, ambayo inatuliza neva zenyewe. Chumba kiwe baridi, losheni itoke kwenye friji, kucha zikatwe fupi, na badala ya kukuna, piga kofi jepesi au bonyeza. Kidonda kidogo cha kujikuna kwenye pandikizi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kufunga.

Mimba huwezekana, na kwa kawaida hushauriwa isubiri mpaka makovu yakomae. Kovu la tumbo hutanuka ila polepole kuliko ngozi ya asili, hivyo miezi ya mwisho hukaza, huwasha na hupasuka. Losheni ipakwe mara nyingi zaidi. Likiwa gumu mno huweza kuhitaji kupasuliwa na kulegezwa. Kuungua hakumaanishi lazima upasuaji wa kuzaa. Inategemea kama nyonga na njia ya uzazi vina makovu. Kunyonyesha kunategemea kama chuchu na mirija yake ilisalimika.

Mtu ambaye hutakiwa kumwona mapema kuliko wote ni daktari wa usingizi. Mgongo wenye pandikizi nene, shingo isiyorudi nyuma, mdomo mdogo, mishipa ya damu iliyofichwa na makovu: kila kimoja cha hivyo hubadilisha mpango wake. Akikutana nacho saa nane usiku uchungu umeshaanza, ni hatari. Akikijua miezi mitatu kabla, anajipanga.

Kiti Kidogo alijibu:

Mimi nizungumzie watoto.

Sauti itangulie sura. Mama akiweza kunena tu baada ya kutolewa mrija wa kooni, simu zianze, fupi, dakika 2 au 3. Sauti mara nyingi huwa imekwaruza. Mtoto aambiwe kabla kwamba koo la mama liliumia. Kisha picha, kwa mpangilio: mkono uliofungwa, halafu mama kwa mbali, halafu uso kwa karibu. Kila picha mtoto aishike yeye na airudishe yeye anapotaka. Anayeonyesha aeleze kwa maneno tupu: "Moto uliunguza ngozi ya mama. Madaktari walihamisha ngozi kutoka mguuni wakaiweka usoni. Ni nyekundu. Macho ni yale yale." Usiseme "mama yako hajabadilika." Mtoto ana macho, na ukimdanganya hapo hatakuamini kwenye lile la pili, kwamba mama bado anampenda.

Siku ya kuonana iwe na kazi ya kufanya, kuchora au kupanga vitu, ili macho yawe na pa kutua. Dakika 15 zatosha. Mtoto akigeuka au akikimbia chumba, asivutwe mkono, asiambiwe "msalimie mama." Mama naye aandaliwe kwa hilo kabla, na awepo mtu wa kubaki naye mlango ukifungwa. Wa chini ya miaka miwili aliyekaa miezi kadhaa na shangazi atamwita shangazi mama. Hajamkataa mtu, amemng'ang'ania aliyekuwepo. Mpito huo ufanywe polepole, shangazi akiwepo, huku mama akichukua jukumu moja moja: kwanza hadithi ya kulala, kisha chakula cha asubuhi. Ukimwondoa shangazi ghafla, mtoto anampoteza mama mara ya pili.

Wa miaka minne hadi saba huamini walisababisha. Alimkasirikia mama asubuhi ile, jioni mama akaungua. Usingoje aulize, mwambie wazi: "Hakuna ulichosema, ulichofanya wala ulichowaza kilichoangusha ndege." Rudia baada ya wiki, na tena baada ya mwezi.

Kukumbatiana kunawezekana mapema kuliko watu wanavyodhani. Ngozi changa huumizwa zaidi na kusuguliwa kuliko kubonyezwa. Mfundishe mtoto kuweka viganja bapa na kubaki hapo bila kupapasa. Kucha zake fupi, vishikizo vya chuma na zipu za koti zifunikwe.

Nje ya nyumba pana macho ya watu. Shirika la Phoenix Society for Burn Survivors, lililoanzishwa Marekani mwaka 1977 (jina ni la yule ndege wa hekaya anayefufuka majivuni, halihusiani na mji wa Phoenix), hufundisha jibu lililoandaliwa tayari: sentensi moja au mbili, mtazame mtu machoni, mwili wima, sauti ya kirafiki, kisha endelea na shughuli. "Nilipata ajali ya ndege, sasa naendelea vizuri, asante kwa kujali." Watoto nao wawe na ya kwao kwa ajili ya shule. Baadhi ya hospitali za majeraha ya moto huko huweza kutuma mtu shuleni kuzungumza na darasa kabla ya mama kwenda kumchukua mtoto kwa mara ya kwanza. Familia iombe huduma hiyo, kwa sababu isipoombwa husahaulika.

Kata na Kigingi alijibu:

Kuhusu kanisa la Wamormoni. Jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Waumini hugawanywa kwa mahali wanapoishi katika kata, na kata kadhaa hufanya kigingi. Askofu wa kata halipwi mshahara. Nguvu ya msaada iko kwa rais wa Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama, chama kilichoanzishwa Nauvoo, Illinois, tarehe 17 Machi 1842. Yeye ndiye huenda nyumbani, huketi na familia, huorodhesha mahitaji, kisha huyagawa. Wakati wa ajali ile ya 2008, kila mama alikuwa na akina dada wawili waliopangiwa kumtembelea kila mwezi. Tangu Aprili 2018 utaratibu huo umegeuzwa kuwa wa kuhudumiana kulingana na mahitaji badala ya idadi ya matembezi.

Fedha hutoka kwenye matoleo ya mfungo. Jumapili ya kwanza ya mwezi waumini huacha milo miwili na kutoa thamani yake au zaidi, na askofu hutumia kwa kodi ya nyumba, umeme au chakula cha familia iliyokwama.

Baraka ya wagonjwa hutolewa na wanaume wawili wenye ukuhani ikiwezekana: mmoja hutia tone la mafuta ya zeituni yaliyowekwa wakfu utosini, mwingine huthibitisha kwa maombi huku wameweka mikono kichwani. Kwa aliyeungua kichwa, muulizeni muuguzi kwanza pa kugusa, vaeni glavu, na tone liwe tone kweli. Wengine huuliza pia kama Neno la Hekima, linalokataza pombe, tumbaku, kahawa na chai, linazuia mofini, dawa kali ya maumivu. Halizuii dawa iliyoandikwa na daktari.

Msaada huharibika kwenye muda. Vyungu vya chakula kutoka kwa waumini hujaa wiki tatu za kwanza, mgonjwa akiwa bado kwenye usingizi wa dawa na watoto wako kwa ndugu. Anaporudi nyumbani, miezi minne baadaye, orodha ya zamu za kuleta chakula imekwisha na watu wanaona aibu kuanza tena. Rais wa akina mama mwenye busara hufungua orodha ya pili siku ya kuruhusiwa, ya miezi sita, yenye siku tatu tu kwa wiki na mtu mmoja wa kupokea simu. Vyombo viwe vya kutupwa, chakula kiwe na protini na vipande vidogo kwa sababu ya mdomo, na mwenye mafua abaki kwake. Usafiri wa kwenda kwa mtaalamu wa viungo ndio unaosahaulika, wakati ni mara kadhaa kwa wiki kwa mwaka mzima. Na Jumatatu jioni msimpangie mgeni: ni usiku wa familia, kanisa limeutenga hivyo tangu 1970, na kwa nyumba hii ndio wakati wa watoto kuuliza maswali yao bila watu.

Banzi na Udongo alijibu:

Nikazie jambo moja kwenye hayo ya kata, maana upendo wenyewe unaweza kumdhuru. Akina dada wakija wakaosha vyombo, wakavalisha watoto, wakasuka nywele za binti na kuondoka, vidole vya mama vimekaa saa nzima bila kazi. Kabla hamjaja, mtaalamu wake awape orodha mbili. Ya kwanza ni ya kazi zenu: kudeki kwa dawa kali, kubeba ndoo, kupika kwenye mafuta ya moto, kuendesha gari. Ya pili ni yake peke yake hata ikichukua muda mrefu: kukunja soksi, kumenya ndizi, kuvuta zipu iliyofungwa pete kubwa, kufinyanga udongo na watoto, kusuka.

Vifungo vya shati ulivyouliza, ndugu, vinafikiwa kwa ngazi: vifungo vya koti kwanza, vikiwa mezani na siyo mwilini mwa mtoto, kisha vya sweta, kisha ndoano maalumu ya waya yenye mpini mnene, inayopita kwenye tundu na kukivuta kifungo, mwisho shati lenyewe. Asubuhi za shule familia iamke dakika 20 mapema kuliko zamani. Wakichelewa, kuna mtu atamnyang'anya kifungo mkononi.